Sensa ya Faiba Yenye Dhahabu Inapokataa Kusoma Protini: Dalili na Visababishi Vyake

Mwongozo huu unamlenga mpimaji anayefanya kazi katika maabara ndogo, kama zilivyo nyingi za Kigoma mjini, ambaye tayari anayo faiba ya kioo, taa ya halojeni, spektromita na chupa ya chembe nano za dhahabu, na ambaye anatafuta protini iliyo kidogo mno kuonekana kwa njia za kawaida. Mfano utakaotumika ni HRP2, protini inayotolewa na kimelea cha malaria cha Plasmodium falciparum, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa na vipimo vingi vya haraka vya malaria na sampuli zake hazipatikani kwa shida mkoani.

Mpangilio unaozungumziwa ni ule wa kawaida. Kipande cha faiba cha urefu wa sentimita moja hivi huvuliwa ganda, kikapakwa utando wa dhahabu wa takriban nanomita 50, kisha juu ya dhahabu hiyo zikapandikizwa kingamwili za kunasa protini. Mwanga mweupe unaopita ndani ya faiba hupoteza sehemu ya rangi zake pale unapotikisa elektroni za dhahabu, na katika spektra, yaani mchoro wa nguvu ya kila rangi, huonekana bonde, kwa kawaida kati ya nanomita 600 na 700. Protini ikinaswa, bonde husogea kuelekea upande wa nyekundu. Njia hii ya kutumia faiba badala ya mche wa kioo ilielezwa na Jorgenson na Yee wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1993, na kilichoongezwa baadaye ni chembe nano zilizobeba kingamwili ya pili, ambazo hujibandika juu ya protini iliyonaswa na kuongeza msogeo.

Jambo la kukumbuka katika kila dalili itakayofuata ni kwamba bonde halitambui protini. Linachotambua ni kwamba kitu kilicho ndani ya nanomita 200 hivi kutoka kwenye dhahabu kimebadilika namna kinavyopinda mwanga. Joto hufanya hivyo, chumvi hufanya hivyo, na uchafu pia. Kwa hiyo uchunguzi uanze kwenye mwanga, uende kwenye kimiminika, kisha kwenye uso wa dhahabu, na kingamwili zilaumiwe mwisho, ingawa wapimaji wengi huanza na kingamwili kwa sababu ndizo za bei kubwa.

Hakuna mwanga, au mwanga ni hafifu

Tatizo hili ndilo rahisi kuliko yote. Ncha ya faiba iliyokatwa vibaya hutawanya mwanga. Iangaliwe kwa hadubini, na ikiwa ina pengo au ukingo uliochanika ikatwe upya kwa kisu maalumu cha faiba, wala si kwa wembe. Viungio visafishwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili. Fundi wa mkongo anayeunganisha faiba za intaneti mtaani anaweza kusaidia kukata, lakini aelezwe mapema kwamba faiba ya kazi hii mara nyingi ina kiini cha mikromita 400 au 600, wakati ile anayoizoea ina kiini cha mikromita 9 hivi ndani ya kioo cha mikromita 125, na vifaa vyake vimepimwa kwa hiyo ya pili.

Mwanga ukipanda na kushuka bila bonde kusogea, faiba inatikisika au imekunjwa. Ibandikwe mezani kwa utepe urefu wake wote, na pangaboi lizimwe.

Bonde halitulii kabla hata ya kuweka sampuli

Hapa ndipo penye matatizo mengi, na hapa ndipo mpimaji mvumilivu huokoa wiki nzima ya kazi. Kwanza atazame bonde linaelekea wapi, kwa kuwa mwelekeo wenyewe unatenganisha visababishi.

Likisogea polepole kuelekea bluu, yaani kwenye nanomita chache zaidi, kisababishi cha kwanza cha kushuku ni joto linalopanda. Maji safi ya nyuzijoto 20 yana kigezo cha kupinda mwanga cha 1.333, na kigezo hicho hupungua kwa karibu 0.0001 kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka. Faiba ya aina hii husogeza bonde kwa takriban nanomita 2,000 kwa kila uniti nzima ya kigezo, hivyo nyuzijoto moja tu huleta msogeo wa nanomita 0.2. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka ilinganishwe na msogeo ambao protini ya kiwango cha chini huleta, ambao mara nyingi hauzidi sehemu ya kumi chache za nanomita. Chumba chenye bati lisilo na dari, kikianza kazi saa mbili asubuhi na kuendelea hadi saa nane mchana, kinaweza kuzalisha msogeo mkubwa kuliko wa protini yenyewe, na mpimaji asiyejua akadhani protini inabanduka.

Dawa yake si lazima iwe kiyoyozi. Seli ya mtiririko, yaani kichumba ambamo kimiminika hupita juu ya faiba, iwekwe ndani ya boksi la povu lenye kifuniko, kipimajoto kibandikwe pembeni yake, na joto liandikwe kila bonde linaposomwa. Bora zaidi ni kuwa na faiba ya pili, yenye dhahabu ileile na iliyozibwa kwa albumini ya ng'ombe lakini isiyo na kingamwili ya kunasa, ikiwa ndani ya kimiminika kilekile. Kinachosogeza faiba zote mbili kwa pamoja ni joto au kimiminika. Tofauti kati yao ndiyo inayostahili kujadiliwa. Katika mazingira ya kwetu faiba hiyo ya ulinganisho si anasa, na kama fedha zinatosha kununua kitu kimoja tu cha ziada, kinunuliwe hicho kabla ya spektromita bora.

Kisababishi cha pili cha msogeo wa kuelekea bluu ni utando kuondoka. Bonde likisogea na wakati huohuo likapungua kina au kubadilika umbo, joto halihusiki: dhahabu inabanduka. Hili hutokea pale kioo kilipokuwa na mafuta ya vidole kabla ya kupakwa, au pale dhahabu ilipowekwa moja kwa moja juu ya kioo bila tabaka la kuishikilia la kromiamu au titani la nanomita chache. Hadubini ya kawaida itaonyesha vipande vilivyoinuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na faiba ya namna hiyo haitengenezeki.

Bonde likisogea polepole kuelekea nyekundu, visababishi ni vingine: chumba kinapoa, bafa, yaani mmumunyo wa chumvi unaotunza pH, inapungua kwa mvuke na chumvi yake kuongezeka, au kitu kinajibandika kwenye dhahabu bila kualikwa. Upunguaji wa bafa hujitokeza zaidi miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, upepo unapokuwa mkavu na seli ikiwa wazi. Ukifunika seli na msogeo ukakoma, jibu limepatikana.

Miruko ya ghafla ni viputo. Bafa iliyotoka kwenye friji ina hewa nyingi iliyoyeyuka, na ikipata joto la chumba hewa hiyo hujitenga na kukaa juu ya dhahabu. Kiputo kina kigezo kinachokaribia 1, kwa hiyo bonde hupotea kabisa au hurukia mbali. Bafa iachwe ifikie joto la chumba, ivutwe hewa kwa pampu au hata kwa bomba kubwa la sindano lililozibwa mdomo, ndipo iingizwe.

Taa nayo ina mchango wake: halojeni iwashwe walau nusu saa kabla ya kusoma. Umeme ukikatika na jenereta ikachukua nafasi, muda huo wa kusubiri uanze upya, hata kama giza lilidumu dakika moja.

Dhahabu ya majimaji imebadilika rangi

Chembe nano za dhahabu za nanomita 20, zikiwa zimetawanyika vizuri, hufyonza mwanga karibu na nanomita 520 na huonekana nyekundu kama juisi ya rosela. Zikishikana hugeuka zambarau, kisha bluu ya kijivu, na mwishowe huacha tope jeusi chini ya chupa na maji yasiyo na rangi juu. Mabadiliko hayo hayarudi nyuma, na chembe zilizoshikana zikiingizwa kwenye sensa huleta misogeo mikubwa isiyo na mpangilio ambayo mtu anaweza kuifurahia kwa kudhani ni ukuzaji wa ishara.

Kisababishi cha kwanza kwetu ni usafiri. Chupa hutumwa kutoka Dar es Salaam kwa basi au kwa ndege, na mfungashaji mwenye nia njema huizungushia vipande vya barafu iliyoganda sawasawa na anavyofanya kwa kingamwili. Dhahabu ya majimaji haipaswi kuganda hata mara moja, kwa sababu fuwele za barafu huzisukuma chembe pamoja hadi zikagusana. Mtumaji aelezwe kwa maandishi kwamba nyuzijoto 4 zinafaa, joto la kawaida kwa siku chache linavumilika, na barafu isiiguse chupa. Chupa inapopokelewa ifunguliwe mwangani mbele ya karatasi nyeupe, rangi yake iandikwe kwenye daftari, na ikiwa ipo spektromita ya kupimia ufyonzaji, kilele kisomwe kabla ya jambo lolote lingine.

Kisababishi cha pili ni maji, na hili linastahili maelezo marefu kidogo. Chembe zilizotengenezwa kwa njia ya sitreti, ile iliyoasisiwa na Turkevich mwaka 1951, hukaa mbalimbali kwa sababu kila moja imevaa chaji hasi. Chumvi huifunika chaji hiyo, na ayoni zenye chaji mbili, kama magnesiamu na kalsiamu, huifunika kwa ukali zaidi. Maji ya mji wa Kigoma huvutwa kutoka Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana magnesiamu nyingi, pH ya karibu 9, na upitishaji umeme wa takriban mikrosimensi 670 kwa sentimita. Maji hayo yanafaa kwa kunywa na kufulia, lakini kitone chake kilichobaki kwenye bika iliyosuuzwa bombani kinatosha kuanzisha mshikano. Hata maji yanayouzwa kama ya betri yapimwe kwanza, kwa kuwa ubora wake hutofautiana kutoka dumu moja hadi jingine. Kipimo cha upitishaji umeme cha mkononi kinatosha: maji yanayozidi mikrosimensi chache kwa sentimita yasiikaribie dhahabu, na vyombo vyote visuuzwe mara ya mwisho kwa maji yaliyopita kipimo hicho.

Ikiwa dhahabu ilikuwa nyekundu na ikageuka zambarau pale tu ilipoongezwa kingamwili, basi kingamwili ilikuja na chumvi yake au haikutosha kufunika chembe zote. Kingamwili ibadilishiwe bafa iwe kwenye chumvi kidogo, pH iwekwe juu kidogo ya ile ambayo chaji ya kingamwili huwa sifuri, mara nyingi kati ya 8 na 9, kisha kiasi kitafutwe kwa jaribio la chumvi. Katika mirija kadhaa weka dhahabu ya ujazo uleule na kingamwili ya viwango vinavyopanda, subiri dakika 10, halafu ongeza mmumunyo wa chumvi ya kawaida wa asilimia 10. Mirija isiyo na kingamwili ya kutosha itageuka bluu mbele ya macho yako. Ule wa kwanza kubaki mwekundu ndio unaoonyesha kiasi cha chini, na kazini huongezwa kidogo juu yake.

Sampuli yenye protini haileti badiliko

Kabla ya kuilaumu kingamwili, hakikisha sensa yenyewe inaona. Badilisha maji safi kwa bafa ya fosfeti yenye chumvi: bonde linapaswa kuruka kuelekea nyekundu kwa nanomita kadhaa na kurudi maji yakirudishwa. Lisiporuka, tatizo ni la dhahabu au la mwanga, na hakuna kemia itakayosaidia.

Likiruka vizuri, shuku hatua ya kupandikiza kingamwili. Wengi hutumia asidi ya merkaptoundekanoiki, ambayo salfa yake hushika dhahabu na mkia wake wa kaboksili huamshwa kwa kemikali za EDC na NHS ili uishike kingamwili. EDC hunyonya unyevu wa hewa, na katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, chupa iliyotolewa kwenye friza na kufunguliwa ikiwa bado baridi hutengeneza umande ndani yake. Baada ya mara chache za namna hiyo inabaki unga mweupe usiofanya kazi. Iachwe ipate joto la chumba ikiwa imefungwa, na ni heri igawanywe kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza. Mmumunyo wake utengenezwe muda huohuo wa kutumika. Kundi lililoamshwa na NHS nalo huharibiwa na maji, na kasi ya uharibifu huongezeka pH inavyopanda: katika pH 7 na nyuzijoto 0 nusu yake hudumu saa 4 hadi 5, lakini katika pH 8.6 hudumu dakika 10 tu. Hivyo uamshaji ufanyike kwenye bafa ya asidi kidogo, na kingamwili ifuate bila kwenda kunywa chai. Bafa ya Tris na ile ya glaisini zisitumike katika hatua hii, kwa sababu zina amini zinazochukua nafasi za kingamwili.

Kosa jingine ni kuongeza matabaka. Tabaka la oksidi ya grafini, juu yake polima, juu yake protini ya kati, juu yake kingamwili yenye urefu wa nanomita zaidi ya 10: kila tabaka lina hoja yake likiangaliwa peke yake, lakini nguvu ya mwanga hupungua kwa kasi kadiri unavyoondoka kwenye dhahabu. Kwa utando bapa nafasi bado ipo. Kwa sensa ambayo badala ya utando ina chembe nano zilizobandikwa kwenye kioo, uwanja wa mwanga hufika nanomita 10 hadi 30 tu, na protini inanaswa mahali ambapo sensa haioni. Kwa maoni yangu, nyenzo nano ambayo mpimaji hawezi kueleza kazi yake kwa sentensi moja iondolewe, na jaribio lirudiwe bila hiyo.

Muda pia unadanganya. Katika viwango vya pikomola, hata kingamwili nzuri inayobanduka kwa kasi ya 0.0001 kwa sekunde huhitaji muda wa kiwango cha sekunde 10,000, karibu saa 3, kukaribia usawa. Anayesoma baada ya dakika 10 na kuandika "hasi" hakukosea kipimo, amekifunga mapema. Koroga au pitisha sampuli kwa mtiririko, na linganisha kasi ya mwanzo badala ya kungoja mwisho.

Vilevile protini inaweza isiwe imefika kwenye sensa kabisa. Viwango vya nanogramu kwa mililita na chini yake hupotelea kwenye kuta za mirija ya plastiki, hasa sampuli ikizimuliwa hatua kwa hatua katika bafa tupu. Albumini ya asilimia 0.1 au Tween 20, ambayo ni sabuni laini ya maabara, ya asilimia 0.05 kwenye bafa ya kuzimulia hupunguza hasara hiyo. Kwa HRP2 kuna tahadhari ya ziada: hushikana na heparini, kwa hiyo mirija ya damu yenye heparini iepukwe. Na si kila malaria ina HRP2. Vimelea vilivyopoteza jeni yake vimethibitishwa katika nchi kama Eritrea, hivyo matokeo hasi yalinganishwe na hadubini.

Kila sampuli inaleta badiliko, hata isiyo na protini

Hii ndiyo dalili ya kuogopa, kwa kuwa inafanana na mafanikio. Msogeo unaotokea papo hapo sampuli inapoingia na kutoweka papo hapo bafa inaporudi ni wa kimiminika, si wa kunaswa. Ethanoli ya asilimia moja iliyobaki kutoka hatua ya kusafisha huleta nanomita moja na ushei. Seramu iliyozimuliwa mara kumi huleta takriban nanomita 3. Kwa sababu hiyo msogeo usomwe baada ya kuosha, katika bafa ileile iliyotumika kuweka sifuri, kutoka chupa ileile.

Msogeo unaobaki baada ya kuosha ni wa vitu vilivyojibandika, na hapo hesabu inaeleza ugumu wake. Seramu ina albumini ya gramu 35 hadi 50 kwa lita. Ukitafuta protini ya nanogramu 1 kwa mililita, kila sehemu yake moja inazungukwa na sehemu kama milioni 40 za albumini kwa uzito, na inatosha sehemu ndogo sana ya hizo kukaa kwenye dhahabu ili kuifunika ishara. Nafasi zilizobaki baada ya kupandikiza kingamwili zifungwe kwa ethanolamini, kisha uso uzibwe kwa albumini au kwa polietilini glikoli, na sampuli izimuliwe kwa bafa yenye Tween 20.

HRP2 yenyewe ni mkaidi katika jambo hili. Takriban theluthi moja ya asidi amino zake ni histidini, ambazo pH ikishuka chini ya 7 hupata chaji chanya na kuivuta protini kwenye uso wa kaboksili au kwenye chembe za sitreti, pasipo kingamwili yoyote kuhusika. Faiba ya ulinganisho ikisogea pale tu HRP2 inapoongezwa, pima pH ya sampuli yenyewe, wala si ya bafa iliyo kwenye chupa, na ipandishe hadi 7.4.

Protini nyingi, ishara ndogo

Kama kingamwili ya pili yenye dhahabu huchanganywa na sampuli kwa pamoja, protini ikizidi hujaza kingamwili za pande zote mbili kila upande kivyake, na madaraja hayajengeki. Zimua sampuli mara kumi na urudie: ishara ikipanda, sababu ni hiyo. Kutenganisha hatua mbili, kunasa kwanza, kuosha, ndipo kuleta dhahabu, huondoa tatizo hilo kabisa.

Faiba hairudi sifuri baada ya kusafishwa, na namba za faiba mbili hazilingani

Glaisini yenye asidi ya hidrokloriki, pH 2 hadi 2.5, hutumika kubandua protini kwa dakika moja au mbili. Bonde lisiporudi lilipoanzia, protini imebaki. Likirudi chini zaidi ya hapo, kingamwili au utando umeondoka. Baada ya kila usafishaji pima kiwango kimoja kinachojulikana na uandike ishara yake kama asilimia ya ile ya kwanza. Ikishuka chini ya asilimia 80, mimi huona ni nafuu kuitupa faiba kuliko kuisahihisha kwa hesabu. Chembe nano za hatua ya pili hung'ang'ania zaidi kuliko protini peke yake, hivyo ni halali kupanga bajeti kwa faiba ya matumizi mamoja pale zinapotumika.

Faiba mbili zilizopakwa siku tofauti hazitakuwa na bonde mahali pamoja, na hakuna haja ya kuzilazimisha. Kinacholinganishwa ni msogeo, ukiwa umegawanywa kwa ule wa maji na bafa wa faiba hiyohiyo. Kiwango cha chini cha kugundua kipatikane kwa kusoma sampuli tupu, yaani zisizo na protini, zisizopungua kumi, zikiwa zimegawanywa kwenye faiba kadhaa na siku kadhaa, kisha kuchukua wastani na kuongeza tofauti sanifu mara tatu. Akisoma tupu kumi mfululizo kwenye faiba moja asubuhi moja, mpimaji atapata namba nzuri sana, lakini itakuwa namba ya spektromita yake, na sampuli ya kwanza ya mchana wenye jua kali la ziwani itaivunja.